Picha za Nchi Yetu: Historia ya Mbingu Nyeupe na Tiba Yake

Kuna swali ambalo sisi walimu wa Ufipa twaulizwa mara nyingi na vijana waliokwisha kupata simu zenye kamera: Mbona nchi yetu ni nzuri machoni, lakini pichani haipendezi? Mtu hupanda milima ya Mbizi, akasimama kwenye ukingo unaotazama bonde la Rukwa, akaona chini yake mteremko wa karibu mita 1,000, na ziwa liking'aa mbali kama sinia la bati. Huinua kamera yake na kupiga. Kisha hutazama alichopata: mbingu nyeupe kama karatasi, bonde lenye rangi ya majivu, na ziwa halionekani kabisa. Huipeleka picha hiyo kwa jamaa zake walioko pwani, nao humjibu kwa adabu tu.

Swali hili si jipya. Umri wake unakaribia umri wa kazi yenyewe ya kupiga picha, na watu wa kwanza walioleta kamera katika nchi zetu walilijua kwa uchungu. Katika makala hii twapenda kueleza historia yake, kwa kuwa anayejua ugonjwa ulikotoka hutafuta dawa kwa akili, wala habahatishi. Tena twapenda kuonyesha kwamba jambo hili si la mapambo tu. Picha ya nchi ni shahidi. Shahidi akiwa bubu, au akiwa mwongo, hasara huwaangukia wale watakaozaliwa baadaye.

Kamera za kwanza

Mwaka 1858 David Livingstone aliingia mto Zambezi pamoja na wenzake, na kila mmoja alikuwa na kazi yake. Kazi ya kupiga picha alipewa ndugu yake, Charles Livingstone. Huyu hakufanikiwa, picha zake zilitoka vibaya. Lakini katika msafara ule ule alikuwamo Daktari John Kirk, ambaye kazi yake hasa ilikuwa uganga na elimu ya mimea. Kirk naye alikuwa na kamera, na picha zake kadha wa kadha zimedumu hata leo. Huyu ndiye Kirk ambaye baadaye alikaa Unguja miaka mingi akiwa balozi wa Uingereza. Basi watu wawili walikuwa katika mto mmoja, chini ya jua moja. Mmoja alipata, mwingine alikosa. Neno hili latufundisha tangu mwanzo kwamba tusiwe wepesi kuilaumu nchi.

Mwaka 1860 James Grant, mwenzake Speke, alipiga picha Unguja kabla ya kuanza safari ya kwenda kutafuta chimbuko la mto Nile. Lakini walipoingia bara kazi ile iliachwa. Sababu yake ni hii: siku zile picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa dawa ya majimaji. Kioo hicho kilitayarishwa gizani, kikatiwa katika kamera kingali kibichi, kikapigwa, kisha kikasafishwa papo hapo kabla dawa haijakauka. Kwa hiyo mpiga picha alihitaji hema lisilopenya mwanga, na ndani ya hema hilo joto lilikuwa la kuua mtu. Speke aliona kwamba mwenzake angekufa bure, na Grant akashika kalamu na rangi badala ya kamera.

Nchi yetu ya Ufipa, kwa muda mrefu, iliandikwa tu bila kupigwa picha. Joseph Thomson alipita huku mwaka 1880, akaliona ziwa Rukwa kutoka nyanda za juu, akaliita Leopold kwa jina la mfalme wa Wabelgiji, jina ambalo halikudumu. Mwaka 1885 Mapadre Weupe walishika kituo cha Karema, kando ya ziwa Tanganyika, na toka huko kazi yao ikaenea hata Ufipa. Askofu Lechaptois aliandika kitabu kikubwa juu ya nchi za kando ya Tanganyika na desturi za watu wake, kikachapwa Algeria mwaka 1913. Mwaka uliofuata, 1914, Padre Wyckaert alieleza kazi ya wahunzi wa pande hizi katika jarida la elimu liitwalo Anthropos. Twawashukuru kwa maandishi hayo. Walakini mwenye kutaka kujua vilima vyetu vilifananaje miaka 140 iliyopita, msitu uliishia wapi na mashamba yalianzia wapi, hana budi kutegemea maneno zaidi kuliko macho.

Kwa nini mbingu ilikuwa nyeupe

Sasa tuutazame ugonjwa wenyewe. Dawa ya vioo vya kwanza, iliyovumbuliwa na Mwingereza Frederick Scott Archer mwaka 1851, haikuona rangi kama jicho la mtu lionavyo. Iliona sana rangi ya samawati, ikaona kidogo tu rangi ya majani, na nyekundu haikuiona karibu kabisa. Basi fikirini: mbingu ni samawati tena yang'aa, na ardhi ni ya majani na udongo mwekundu. Mpiga picha akingoja hata ardhi ionekane, mbingu ilikuwa imekwisha kuungua zamani, ikawa nyeupe tupu. Akiwahi kuziba kamera ili mawingu yasipotee, ardhi ilitoka nyeusi kama kaniki.

Mfaransa Gustave Le Gray alipata hila katika miaka ya 1856 na 1857, alipokuwa akipiga picha za bahari. Katika baadhi ya picha zake alitumia vioo viwili: kimoja alikipimia mwanga wa maji, cha pili alikipimia mwanga wa mawingu; kisha akaviunganisha wakati wa kuchapa karatasi, na mstari wa kuungana akaufanya pale maji yakutanapo na mbingu. Watu walistaajabu. Nasi tukumbuke jina lake, kwa sababu simu za siku hizi hufanya kazi ile ile pasipo mwenyewe kujua: hupiga picha kadhaa kwa mfululizo wa haraka, nyingine za mwanga kidogo, nyingine za mwanga mwingi, kisha huchukua sehemu njema za kila moja na kuzifanya picha moja.

Dawa ya pili ilitoka kwa Mjerumani Hermann Vogel. Mwaka 1873 aligundua kwamba ukichanganya dawa ya picha na rangi fulani, kioo kitaanza kuona hata majani. Miaka ilipozidi kwenda, kufika mwaka 1906 hivi, vioo vyenye kuona rangi zote vilikuwa vikiuzwa madukani. Hapo wapiga picha wakaanza kuvika lenzi kioo cha manjano au cha rangi ya chungwa. Kioo hicho huzuia sehemu ya samawati, kikaifanya mbingu kuwa na kivuli na mawingu yakatokeza. Tena hupunguza ule utando wa mbali, kwa kuwa utando huo nao, kwa sehemu kubwa, ni mwanga wa samawati uliotawanywa hewani.

Mtu aweza kusema: Kamera za leo zaona rangi zote, mbona basi mbingu yangali ikiungua? Jawabu ni kwamba jicho la mtu halitazami nchi nzima kwa mara moja. Hutazama mbingu, mboni ikajikunja. Hushuka kutazama bonde, mboni ikatanuka. Na akili huyaunga yote. Kamera hupima mara moja tu. Tofauti ya mwanga kati ya wingu jeupe na kivuli cha korongo ni kubwa kuliko uwezo wake, nayo hulazimika kuchagua. Asiyeichagulia, yenyewe huchagua, na mara nyingi huchagua vibaya.

Chumba cha giza

Wengi hudhani kwamba kurekebisha picha ni jambo la ujanja lililokuja pamoja na kompyuta. Sivyo. Toka zamani picha ilizaliwa mara mbili: mara ya kwanza katika kamera, mara ya pili katika chumba cha giza. Hata Kiswahili chetu kimelijua jambo hilo, maana twasema "kusafisha picha", kana kwamba ilikuwako tayari, ila ilikuwa imefunikwa na uchafu. Fundi aliweka karatasi chini ya mwanga wa taa. Sehemu aliyotaka iwe nyangavu aliikinga kwa kiganja chake au kwa kipande cha karatasi ngumu. Sehemu aliyotaka iwe nzito aliizidishia mwanga. Mafundi wa studio za Unguja, kama ile ya A. C. Gomes iliyoanza karne ya kumi na tisa, na Capital Art Studio iliyofunguliwa na Ranchhod Oza mwaka 1930, waliishi kwa kazi hii ya chumba cha giza.

Mfano mashuhuri kuliko yote ni wa Mmarekani Ansel Adams. Jioni moja ya mwaka 1941 alikuwa akipita kwa gari katika kijiji cha Hernandez, New Mexico, akaona mwezi umechomoza juu ya milima yenye theluji, na misalaba ya makaburi iking'aa kwa miali ya mwisho ya jua. Alisimamisha gari, akafunga kamera yake kubwa kwa haraka, lakini kipima mwanga chake hakikuonekana. Akakumbuka kwamba nguvu ya mwanga wa mwezi inajulikana kwa hesabu. Akapima kwa hesabu hiyo, akapiga. Kabla hajapiga ya pili, jua liliiacha misalaba ile na uzuri wote ukaondoka.

Lakini sikilizeni yaliyofuata. Filamu ile ilikuwa ngumu kuchapa, kwa kuwa sehemu ya chini ilikuwa na mwanga hafifu. Mwaka 1948 Adams aliitia dawa upya sehemu hiyo ili ipate nguvu. Tena katika miaka iliyofuata aliichapa picha ile mara nyingi sana, na kila miaka ilipopita aliifanya mbingu kuwa nyeusi zaidi, hata mawingu hafifu ya juu yakatoweka na mwezi ukabaki peke yake. Basi picha ambayo ulimwengu waisifu kwa bahati ya jioni moja, nusu yake ni kazi ya subira ya miaka mingi. Angalieni lakini: hakuongeza mwezi, hakuhamisha kaburi. Alichofanya ni kuufuata mwanga uliokuwako.

Mlima uliotoa ushahidi

Tumesema kwamba picha ya nchi ni shahidi. Mfano tunao hapa Tanzania. Mwaka 1912 Wajerumani wawili, Fritz Klute na Eduard Oehler, walipanda Kilimanjaro. Klute alipiga picha kwa vipimo, kutoka mahali palipopimwa, na kwa picha hizo ikachorwa ramani ya kilele cha Kibo pamoja na barafu yake. Hawakujua watu wa baadaye wataitumia kwa kazi gani. Wataalamu walipoilinganisha ramani ile na barafu iliyosalia mwaka 2007, waliona kwamba asilimia 85 ya barafu ya mwaka 1912 ilikuwa imekwisha kutoweka. Lau Klute angalitengeneza picha zake ili zipendeze tu, akanenepesha theluji au akafuta mwamba mweusi uliomchukiza, ushahidi huo usingalikuwako.

Na kama Kilimanjaro yafundisha uaminifu, Ruwenzori yafundisha kungoja. Milima ile ya mpaka wa Uganda na Kongo hufunikwa na mawingu siku nyingi, hata Stanley alipita karibu nayo mwaka 1876 bila kuitambua theluji yake. Hakuiona kwa macho mpaka mwaka 1888. Mwaka 1906 Mtawala wa Abruzzi wa Italia aliipanda, naye alimchukua Vittorio Sella, mpiga picha aliyekwisha kuzoea milima ya Caucasus na Alaska. Picha za Sella ni safi ajabu, na si kwa sababu mvua ilimhurumia. Mzigo wa vioo ni mzito, na kila kioo ni hesabu. Mtu wa namna hiyo hapigi ovyo. Hutafuta mahali pake kwanza, husimamisha kamera juu ya miguu yake mitatu, kisha hukaa. Wahenga walisema, Mvumilivu hula mbivu. Sisi wenye simu twapiga picha 40 kwa dakika moja, tukarudi nyumbani bila hata moja. Si simu iliyokosea.

Jua letu na majira yetu

Basi tuje kwetu. Sumbawanga iko karibu digrii 8 kusini mwa ikweta. Maana yake, mnamo katikati ya mwezi wa Oktoba, na tena mwisho wa Februari, jua la mchana husimama utosini kabisa, wala miezi mingine haliko mbali sana na hapo. Jua likiwa utosini, kivuli cha kila kitu hujificha chini yake. Kilima hukosa ubavu, korongo hukosa kina, na nchi yote huwa kama mkeka uliotandikwa. Nayo nchi ya Ufipa, ambayo sehemu kubwa ni nyasi na vilima vya mviringo visivyo na miti mingi, haina kitu kingine cha kuonyesha umbo lake ila vivuli. Mwondolee vivuli, umemnyang'anya nguo.

Kuna jambo jingine ambalo vitabu vya watu wa mbali haviwezi kutuambia. Saa ya Tanzania yafuata mstari wa digrii 45 za mashariki, nasi wa Sumbawanga tuko digrii 31 na nusu hivi. Kwa hiyo jua letu huchelewa karibu dakika 54 nyuma ya saa ya ukutani, na nusu saa hivi nyuma ya jua la Dar es Salaam. Kwetu jua huwa utosini karibu na saa saba mchana, si saa sita. Mwenye kutaka vivuli virefu atoke wakati wa macheo, apige mpaka kama saa mbili na nusu. Au angoje saa kumi na moja jioni, aendelee hata jua lizame. Wala asikawie, maana katika nchi za karibu na ikweta jua hushuka wima, na ile rangi ya dhahabu hupita upesi.

Mahali pa kusimama hufuata saa. Atazamaye Rukwa hutazama mashariki; asubuhi jua humpiga usoni na utando wote wa bonde huwaka kama moshi wa kuni mbichi. Huyo aende alasiri, jua likiwa mgongoni pake. Atazamaye ziwa Tanganyika kutoka vilima vya juu ya Kipili au Kasanga hutazama magharibi. Huyo aende asubuhi, ila kama ataka machweo yenyewe. Penye maporomoko ya Kalambo, ambapo maji huanguka zaidi ya mita 200 katika korongo jembamba mpakani mwa Zambia, mwanga hauingii saa zote. Hapo yafaa kufika mapema, kukaa, na kutazama vivuli vinavyotembea ukutani mwa jabali kabla ya kuinua kamera.

Majira nayo yana neno lake. Mwezi wa Septemba na Oktoba nyasi huchomwa moto pande zote, na moshi hukaa mabondeni kama maziwa ndani ya kibuyu. Mvua za kwanza huiosha hewa. Asubuhi baada ya mvua ya usiku mtu huona hata ng'ambo ambayo hakuiona miezi mitatu. Wakati wa masika mawingu huwa makubwa, nayo huipa mbingu yetu umbo. Na mvua zikielekea mwisho, wakulima hulima zile tuta za mviringo ziitwazo intumba, ambazo majani hufukiwa chini ya udongo yaoze yawe mbolea. Kilima kilichojaa intumba, kikipigwa na jua la ubavuni, hupangika kama shanga zilizotungwa na mwanamke mwenye subira. Kilima hicho hicho saa saba mchana ni udongo mtupu.

Mwisho, picha ya nchi yataka kipimo. Jicho lajua ukubwa wa mteremko kwa sababu miguu imeupanda. Picha haina miguu. Weka karibu jiwe, au mti mmoja, au mtu anayepita njiani na mzigo wake, ndipo mtazamaji ajue kilicho mbali kiko mbali kiasi gani. Wala usijaribu kuitia Ufipa nzima katika picha moja. Chagua jambo moja, mengine yawe wageni.

Namna ya kusafisha kwa zana za leo

Hata baada ya kufanya hayo yote, picha yaweza kutoka na kasoro, nayo yaweza kuponywa. Siku hizi chumba cha giza kimo ndani ya kompyuta, tena ndani ya simu. Programu ya Photoshop ilianza kuuzwa mwaka 1990, na tangu hapo programu nyingi zimefuata, nyingine za bure kabisa. Lakini kazi ni ile ile ya kiganja na taa. Sisi huwafundisha wanafunzi kwa utaratibu huu.

Kwanza, nyosha upeo. Ziwa lililoinama humwaga maji yake, na mtazamaji huona mashaka ingawa hajui sababu. Pili, kata pembeni kila kisicho na kazi: nusu ya tawi, waya wa simu, mbingu tupu iliyozidi. Tatu, punguza mwanga wa mbingu peke yake, na uinue kidogo mwanga wa vivuli. Hii ndiyo kazi ya Le Gray. Nne, tazama kama picha ina mahali penye weusi wa kweli na mahali penye weupe wa kweli. Picha ya utando huwa ya kijivu tu kwa sababu haina vyote viwili. Ukimrudishia ncha zake, milima ya mbali hutokeza. Tano, gusa rangi kwa ncha ya kidole. Majani ya Ufipa si ya rangi ya kasuku. Sita, iache picha ilale usiku mmoja, uitazame tena kesho kwa macho mapya; mara nyingi utapunguza nusu ya ulichoongeza.

Yako lakini yasiyoponyeka. Picha iliyotikiswa na mkono haiponi. Na mbingu iliyoungua kabisa haiponi, maana pale hapana kitu kilichoandikwa. Kusafisha hufunua kilichofichika, wala hakuumbi kisichokuwako. Kwa sababu hiyo watu wa filamu na watu wa simu hutofautiana. Watu wa filamu walipima mwanga wa vivuli, kwa kuwa filamu iliyokosa mwanga haikuwa na kitu. Sisi wa leo yatupasa kupima mwanga wa mbingu: gusa wingu katika kioo cha simu, ushushe mwanga, upige. Picha itaonekana yenye giza kidogo, lakini ndani ya giza lile ardhi imo yote, yangoja kusafishwa.

Mpaka usiovukwa

Sasa twafika penye neno zito. Mwaka 1982, mwezi wa Februari, jarida la National Geographic la Marekani lilitoa katika jalada lake picha ya piramidi za Giza, huko Misri. Picha ilipigwa kwa mapana, na jalada ni jembamba. Basi wakazisogeza piramidi mbili zikaribiane kwa mashine, zipate kuenea. Wasomaji walipojua, malalamiko yalikuwa makubwa, na hata leo jambo lile hutajwa kila watu wanapojadili uaminifu wa picha. Yalikuwa mawe tu. Hakuna aliyeibiwa wala kuumizwa. Lakini mtu aliyekwisha kuona piramidi zimesogezwa, ataaminije picha ya pili?

Mpaka basi ni huu: kuufuata mwanga uliokuwako ni kusafisha, kubadili kilichokuwako ni kudanganya. Ukipunguza utando ili msitu wa Mbizi uonekane, umemsaidia shahidi aseme kwa sauti. Ukiongeza miti pale ilipokatwa, umemtia uongo kinywani. Njia ya mwongo ni fupi, lakini picha ya uongo huweza kutembea miaka mingi kabla haijakamatwa. Kwa hiyo, kila anayesafisha atunze na picha ya asili bila kuigusa, na aandike tarehe, mahali aliposimama, na upande aliotazama. Mali bila daftari hupotea bila habari. Picha njema isiyo na jina la mahali, baada ya miaka hamsini ni kilima tu miongoni mwa vilima.

Haya yana haja gani kwetu? Wasomaji wetu wanajua matanuru ya chuma yaliyojengwa na mababu, ambayo Wafipa huyaita malungu. Yalijengwa kwa udongo wa kichuguu, marefu kuliko mtu, kiasi cha mita 3, yakivuta upepo wenyewe kwa matundu ya chini pasipo mivuo. Kisha chuma kilitakaswa katika tanuru dogo, kintengwe, kwa kuvukutwa. Kazi hiyo ilikuwa imekwisha kufifia ilipofika miaka ya 1930, kwa kuwa majembe ya madukani yalikuwa yameenea. Baadhi ya malungu yangali yamesimama mashambani, lakini ni udongo, na kila masika huondoa kidogo: mvua hulowesha, mizizi hupasua, ng'ombe hujikuna. Tanuru likipigwa picha mchana wa saa saba, hufanana na kichuguu kilichovunjika, na mjukuu atauliza kwa nini babu alipoteza wakati wake. Likipigwa asubuhi, jua likiingia ubavuni, matundu yake huonekana moja moja, na alama za mikono ya waliolikandika hutokeza juu ya udongo.

Hapo twaona kwamba saa mbili za kungoja si mchezo wa watu wasio na kazi. Wanafunzi wengi wana kamera mifukoni ambazo Daktari Kirk asingaliweza hata kuziota, nao wanaishi karibu na mambo ambayo hakuna mgeni awezaye kuyafikia kila asubuhi. Twawaomba walimu wenzetu katika Nkasi, Kalambo na Sumbawanga wawatume watoto, kila darasa na kilima chake, kila mwaka siku ile ile, mahali pale pale, wapige picha moja tu, waitunze ya asili, waisafishe kwa haki, na waiandike jina. Malungu hayatangoji, wala msitu hautangoji. Kazi hiyo yaweza kuanza kesho asubuhi kabla ya kengele ya kwanza, maana saa hiyo ndiyo mwanga wake ulio mwema.